Jinsi ya kujipanga kwa safari ya siku nne ya baiskeli za milimani na marafiki

Watu huogopa milima. Safari nilizoziona zikivunjika, nyingi zilivunjwa na matako yaliyochubuka, chakula kilichochelewa kuliwa na rafiki mmoja mwenye haraka.

Hatua ya 1: Hesabuni mwinuko, si kilomita tu
Kilomita 60 za tambarare ni asubuhi moja. Kilomita 60 zenye mita 1,500 za kupanda juu ya mawe ni kutwa nzima. Kundi la kawaida mimi hulikadiria kilomita 10 kwa saa, pancha na vituo vikiwemo. Kwenye miinuko mikali nashusha hadi 7. Hesabu ikizidi saa 7 za njiani, naikata siku hiyo vipande viwili.

Hatua ya 2: Elewaneni mapema
Mwenye pumzi fupi ndiye anayeweka mwendo wa kundi. Kila njia panda, wa mbele anasubiri mpaka wa mwisho aonekane. Na akifika, naye apumzike! Mara nyingi wenzake wanakuwa wameshapoa, wanapanda baiskeli zao palepale alipotua, na yeye aliyechoka kuliko wote hapati hata dakika moja.

Hatua ya 3: Fanyeni zoezi la siku mbili mfululizo
Wiki tatu kabla, tokeni na mizigo yote. Siku ya kwanza haisemi kitu. Ya pili ndiyo inayofichua siti mbaya na viatu vinavyobana. Suruali yenye sponji huvaliwa bila chupi, na mafuta hupakwa panaposuguana kabla hapajaanza kuwasha. Siti mpya usiifunge usiku wa kuamkia safari.

Hatua ya 4: Fungeni mizigo
Vizito vikae katikati ya fremu, vyepesi kwenye usukani na nyuma ya siti. Inyanyue baiskeli kidogo, iachie idunde. Kinachogonga sasa kitakupigia kelele siku nne.

Hatua ya 5: Gaweni vipuri, isipokuwa kimoja
Pampu, kikata cheni, viraka na spana vinatosha seti moja au mbili kwa kundi. Tyubu kila mtu abebe yake, hata kama tairi zake hutumia maji ya kuziba pancha.

Kisichogawanyika ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa laini makusudi, kipinde au kivunjike kabla ya fremu kuumia, na umbo lake hutofautiana kati ya baiskeli nyingi. Mwenzetu aliangusha baiskeli upande wa gia, ikaonekana nzima. Alipoingiza gia nyepesi ya kupandia, kibadilisha gia kikaingia kwenye spoku, kikakatika. Tulikuwa watano, na hakuna kipande kilichomfaa. Tukaikata cheni, tukaifupisha, akabaki na gia moja hadi jioni. Kila kilima alikisukuma kwa miguu. Bahati yake baiskeli haikuwa na springi nyuma, maana hapo cheni iliyofupishwa hukaza na kulegea kila inapobonyea.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, endesheni kivivu
Ukishindwa kumaliza sentensi huku unapanda, umezidisha. Kula kila nusu saa, njaa usiingoje: gramu 60 hivi za wanga kwa saa zinawatosha wengi. Kunywa kidogokidogo.

Hatua ya 7: Jioni, baiskeli kwanza
Futa cheni, itie mafuta, futa yaliyozidi. Kaza nati za mizigo. Chungulia pedi za breki. Tope la siku moja ya mvua linaweza kuzimaliza, na sehemu yake inayosugua ikibaki chini ya milimita moja, badilisha usiku huohuo. Halafu fua ile suruali. Isipokauka, asubuhi ifunge juu ya mzigo wa nyuma, uvae ya pili.