Udongo wa bustani umechoka? Anza na biwi la mboji

Mboga zikigoma kukua wengi wetu tunakimbilia mbolea ya dukani, zinashtuka kidogo afu msimu unaofuata ni yaleyale, kwa sababu mmea umelishwa ila udongo umebaki na njaa yake.

Kwanza jua una udongo gani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, weka udongo mpaka theluthi, jaza maji, funga, tikisa kwelikweli afu iache mahali pasipoguswa. Mchanga unazama ndani ya dakika moja mbili, tope laini baada ya masaa kadhaa, mfinyanzi ndo wa mwisho, unaweza kula siku nzima na zaidi kabla maji hayajatakata. Ukikuta mfinyanzi ndo mwingi tafadhali usimwage mchanga ukidhani unausaidia, vikishikana vinakauka kama tofali! Dawa ni mboji, yaani mbolea ya majani na mabaki yaliyooza, na kichanga nacho dawa yake ni hiyohiyo, kwenye mfinyanzi inafungua njia ya maji na hewa, kwenye kichanga inazuia maji yasikimbie.

Sasa biwi lenyewe. Lisipungue mita 1 kila upande maana dogo halitunzi joto. Panga tabaka za vitu vikavu (majani makavu, mabua, maboksi yaliyochanwachanwa) na vibichi (maganda ya mboga, nyasi, samadi), kwa ujazo vikavu viwe kama mara mbili ya vibichi, kila tabaka nyunyizia maji. Nyama, mafuta, kinyesi cha mbwa na paka visiingie kabisa. Baada ya siku chache chomeka fimbo mpaka katikati, subiri dakika 10, ichomoe uishike, ikiwa ya moto biwi linafanya kazi, likienda vizuri linafika nyuzi 55 hadi 65. Ikitoka ya baridi na kavu ongeza vibichi na maji, ikitoka inanuka vibaya basi maji yamezidi au vibichi vimezidi, weka vikavu uligeuze hewa iingie. Kipimo cha unyevu ni mkono wako, minya konzi moja, litoke tone moja au mawili tu. Ukiligeuza kila wiki, miezi 3 mpaka 6 inatosha, na ikiiva utajua, nyeusi, inavunjika vidoleni, inanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Mi hiyo harufu naipenda sana.

Tandaza mboji sentimita 3 hadi 5 juu ya tuta, changanya na udongo wa juu kama sentimita 15, usichimbue zaidi ya hapo. Samadi mbichi usiiweke karibu na mboga za kuliwa mbichi, ipite miezi 4 kabla ya kuvuna, vijidudu vyake si vya kuchezea hasa kama kuna watoto nyumbani.

Ukishapanda funika udongo kwa matandazo (nyasi au majani makavu) sentimita 5 hadi 8, ila acha nafasi kuzunguka shina lisioze. Na usikanyage tuta, pita pembeni.

Maharage yakimaliza kuzaa kata shina uache mizizi ardhini, ile yenye vinundu, ioze hukohuko ilishe udongo, afu palepale panda spinachi au kabichi.