Kupenya kwenye foleni na pikipiki: hatua ninazofuata kati ya Mbezi na Kariakoo

Saa 12 na nusu asubuhi, Kimara, Dar es Salaam. Magari yameganda, abiria wangu anaangalia simu yake kila baada ya dakika moja. "Boda, penya bwana, nimechelewa." Maneno hayo nimeyasikia kwa miaka 11 sasa. Mara nyingi napenya. Siku nyingine nakataa, na abiria anashangaa, kwa sababu yeye anaona nafasi ileile ambayo jana tulipita.

Ninachoangalia mimi ni kitu kingine. Kabla tairi la mbele halijaingia kati ya magari mawili, lazima niwe nimeshaona nitatokea wapi. Kama sioni pa kutokea, siingii, hata nafasi iwe pana kiasi gani. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo. Nimeziandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi, na kwa yeyote anayeenda kazini na pikipiki yake.

Hatua ya 1: Ujue upana wako

Chukua tepu, pima usukani kutoka ncha hadi ncha, kisha pima tena ukiwa umehesabu vioo. Pikipiki nyingi za biashara hapa mjini zinakaribia sentimita 80 kwenye usukani. Halafu mpandishe mtu nyuma, akae kama abiria anavyokaa, upime kutoka goti hadi goti. Wengi hawajawahi kufanya hivi. Kuna abiria ambao magoti yao ni mapana kuliko usukani wako, na wewe unapopita ukaona usukani uko salama, goti la mtu linakwenda kwenye bampa.

Vioo usivitoe. Najua vijana wanaovifungua ili wapite pembamba. Ukitoa kioo umepata sentimita chache, ukapoteza macho ya nyuma, na ndani ya foleni nyuma yako kuna pikipiki nyingine tatu zinazotaka kupita palepale.

Angalia breki kila asubuhi. Taa ya mbele iwake hata mchana, taa ya kawaida, si ile kubwa ya kumchoma dereva machoni kupitia kioo chake.

Hatua ya 2: Jifunze kwenda polepole kabla hujaingia barabarani

Mtu yeyote anaweza kwenda kilomita 60 kwa saa. Kwenda kilomita 5 kwa saa mita 20 bila kushusha mguu, hapo ndipo udereva wa foleni ulipo.

Nenda uwanjani siku ya Jumapili. Panga mawe mistari miwili, nafasi ya mita moja na nusu kati yake, urefu mita 20. Ingia gia ya kwanza, klachi uishike nusu, mafuta yawe kidogo na yasibadilike, mguu wa kulia ukigusa breki ya nyuma kwa mbali. Mwendo uudhibiti kwa klachi na breki ya nyuma. Breki ya mbele usiifunge ukiwa kwenye mwendo huo na usukani umekatwa. Pikipiki italala kabla hujajua kilichotokea. Macho yaende mwisho wa mawe, yasiangalie tairi. Ukiangalia jiwe, unakwenda kwenye jiwe.

Ukishazoea, sogeza mawe hadi mita moja na robo. Kisha rudia na mwenzako kakaa nyuma, maana uzito wa mtu wa pili unabadilisha kila kitu. Ukiwa unashusha mguu hata mara moja, hujawa tayari.

Hatua ya 3: Chagua uchochoro sahihi

Tunapita kushoto, na dereva anakaa kulia. Jambo hilo dogo linaamua mengi.

Ukiwa kati ya safu mbili zinazokwenda upande mmoja, gari lililo kushoto kwako lina dereva aliye jirani nawe kabisa. Anakusikia, na kioo chake cha kulia kiko karibu na uso wake. Gari lililo kulia kwako lina dereva aliye mbali, upande wa pili, na kati yenu kuna kiti cha abiria. Kukuona kwake ni kugumu zaidi. Zaidi ya hayo, abiria wa gari hilo wakiamua kushuka kwenye foleni watafungua mlango wa kushoto, yaani mbele ya kifua chako. Kwa hiyo mimi hujisogeza kidogo upande wa gari la kushoto, nikawaachia wa kulia nafasi kubwa zaidi.

Kutanua, yaani kupita pembeni kabisa kushoto mwa magari, sifanyi. Kule daladala zinashusha watu, konda anaruka kabla gari halijasimama, kuna mchanga, kuna mtaro, kuna mama anatembea na mtoto.

Na kama barabara ina njia moja kwenda na moja kurudi, kupita katikati ya magari si kupenya tena. Hapo umeingia njia ya wanaokuja. Yanayosemwa hapa hayahusiki na barabara hiyo.

Hatua ya 4: Mwendo

Hapa nakuomba usome taratibu.

Ukiwa unakwenda kilomita 20 kwa saa, kila sekunde unasogea mita tano na nusu, zaidi ya urefu wa gari dogo. Ukiwa kilomita 40, unasogea mita 11, karibu magari mawili na nusu. Mtu akifungua mlango, sekunde nzima inaweza kupita kabla vidole vyako havijakamata breki. Sasa jiulize mlango uliofunguliwa uko umbali wa magari mangapi.

Kinachoumiza zaidi ni tofauti ya mwendo wako na wa magari unayoyapita. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua ajali karibu 6,000 za pikipiki. Walichoona kuhusu waendeshaji waliokuwa wakipita kati ya magari ni kwamba hatari ya kuumia inapanda pale tofauti inapozidi maili 15 kwa saa, kama kilomita 24. Huko California kupita kati ya magari kumetambuliwa na sheria tangu 2017. Jimbo la New South Wales, Australia, liliruhusu tangu 2014, kwa dereva mwenye leseni kamili, mwisho kilomita 30 kwa saa.

Kanuni yangu ni kali kidogo kuliko hizo, kwa sababu barabara zetu zina watembea kwa miguu wengi zaidi. Magari yakiwa yamesimama, naenda kilomita 15, nikizidi sana 20. Yakiwa yanatembea polepole, nawazidi kwa kilomita 10 tu. Yakifika kilomita 40, natafuta nafasi, narudi kwenye safu na kukaa nyuma ya gari kama gari.

Mvua ikianza kunyesha, hasa dakika zile za mwanzo ambapo mafuta ya lami yanaelea juu, punguza nusu ya hapo. Ile mistari nyeupe unayopita juu yake inateleza kama sabuni.

Hatua ya 5: Soma dalili

Miaka minne iliyopita, jioni, nilikuwa Barabara ya Mandela karibu na Buguruni, peke yangu. Daladala kushoto ilikuwa imesimama, gari dogo kulia nalo limesimama. Mbele ya yote mawili barabara ilikuwa wazi. Mimi nikaona barabara wazi tu, nikaongeza mafuta. Mbele ya daladala akatokea mama na ndoo ya samaki kichwani. Nilifunga breki, tairi la nyuma likaserereka, usukani ukampiga mkononi. Samaki wote chini.

Nilimpeleka hospitali. Mfupa haukuvunjika, lakini mkono ulivimba wiki mbili na hakuweza kubeba ndoo. Nililipa samaki, nililipa matibabu, nikawa nampelekea kidogo kidogo hadi aliporudi kazini. Mpaka leo nikipita pale napunguza mwendo. Magari mawili yalikuwa yamesimama kumpisha mtu, na mimi peke yangu ndiye sikujiuliza kwa nini yamesimama.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ni hiyo: gari limesimama na mbele yake pako wazi. Kuna mtu anapishwa. Inaweza kuwa mtu wa miguu, inaweza kuwa bajaji inayotoka barabara ya pembeni. Simama nawe, usawa wa bampa la mbele la gari lile, uchungulie, ndipo upite. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu usichungulie hata kuchungulia. Simama kabisa kama wenzako.

Dalili nyingine ninazoziangalia, na kila moja nimeiona ikimwangusha mtu:

Tairi la mbele la gari. Tairi linakata kona kabla ya bodi kusogea. Madereva wengi hawawashi indiketa, lakini tairi halidanganyi. Ukiona limeelekea upande wako, ngoja.

Taa za breki zikizimika kwenye safu nzima, magari yanaanza kutembea, na anayetaka kuchomekea atachomekea sasa hivi.

Safu moja inatembea na nyingine imeganda. Dereva wa safu iliyoganda ana hasira, atahamia ile inayotembea bila kuangalia kioo. Na wewe uko hapo katikati.

Daladala iliyo kituoni, konda anapiga bodi. Inatoka.

Teksi au gari la abiria ambalo taa ya ndani imewaka, au kichwa cha mtu wa nyuma kinainama kutafuta pochi. Analipa. Mlango unafuata.

Machinga wa maji na karanga. Wanatembea kwenye uchochoro uleule unaoutumia wewe, na mara nyingi wamekupa mgongo kwa sababu wanahesabu chenji. Huyo ni mwenyeji wa pale. Piga honi moja fupi ukiwa mbali, kisha ngoja asogee.

Hatua ya 6: Malori na njia ya mwendokasi

Kati ya malori mawili siingii. Si polepole, si kwa haraka, si kama yamesimama. Malori ya makontena yanayotoka bandarini yana matela marefu, na lori likikata kona tela linapita ndani zaidi kuliko kichwa. Aliyekuwa pembeni anabanwa. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Na usijipange mbele ya pua ya lori kwenye taa, ukiwa karibu kiasi kwamba dereva kule juu haoni hata helmeti yako. Kama kuna utingo mlangoni, mpungie mkono amwambie dereva upo. Wengi ni waungwana, watakwambia pita au ngoja.

Njia ya mwendokasi, yaani ile ya mabasi yaendayo haraka peke yake, ilianza kutumika 2016 na tangu hapo inawavuta wenzetu, kwa sababu inaonekana tupu. Basi lake ni refu, limejaa watu, haliwezi kukukwepa, na wewe huna pa kukimbilia maana kuna kingo pande zote. Usiingie.

Hatua ya 7: Abiria na mzigo

Kabla sijaingia kwenye foleni nasema: "Dada, tunapita katikati, bana magoti, begi liweke mbele yako, usigeuke." Sekunde tatu tu. Mzee au mama mjamzito simpenyezi; tunakaa kwenye foleni na ninamweleza sababu. Anayekaa upande, miguu yote upande mmoja, vilevile. Mishikaki siizungumzii, kwa sababu mwenye abiria wawili hapaswi kuwa barabarani.

Ukiwa na gunia, kreti za soda au mtungi wa gesi uliofungwa kando, wewe ni gari. Kaa na magari.

Abiria akikulazimisha, mwambie hivi, nami huwa nasema hivi hivi: "Bosi, nitakuwahisha, lakini pale sipiti." Katika miaka 11 walioshuka kwa sababu hiyo hawafiki kumi.

Hatua ya 8: Adabu

Honi moja fupi inatosha. Kupiga resi nyuma ya mtu hadi ashtuke kunamfanya akate usukani, na atakata kuja kwako.

Dereva akikusogelea kidogo ili upite, nyanyua mkono. Kesho atasogea tena, labda kwa mwingine.

Pikipiki iliyo nyuma yako ina haraka? Ingia kwenye nafasi ya kwanza utakayoipata, ipite. Usishindane naye uchochoroni.

Ukifika kwenye taa, simama nyuma ya mstari. Tukijazana kwenye kivuko, watoto wa shule wanalazimika kuzunguka katikati ya magari.

Ukigonga kioo cha gari, usikimbie. Simama mbele panapofaa, rudi, kirudishe kioo, mwambie "Samahani kaka, nimekugusa." Kama kimevunjika, mpe namba yako mkubaliane. Mara tatu nimefanya hivyo. Mara mbili nilisamehewa palepale, ya tatu nililipa.

Na likitokea gari limemgusa mwenzetu, naomba tuache ile tabia ya pikipiki ishirini kumzingira dereva, kupiga vioo na kumnyang'anya funguo. Nimeona dereva mwanamke akilia ndani ya gari huku aliyeanguka amekaa chini pembeni anavuja damu na hakuna aliyemwangalia. Mmoja asimamishe magari, mmoja awe na majeruhi na asimvue helmeti kwa nguvu, mmoja aite trafiki. Waliobaki waondoe pikipiki zao njiani ili gari la wagonjwa lipate pa kupita.