Jinsi ya kuhakiki modeli ya toleo maalumu: tujifunze kwa chombo cha anga Enterprise

Uhakiki mwingi wa modeli za Enterprise, chombo cha anga cha kipindi cha televisheni cha Star Trek kilichoanza kurushwa mwaka 1966, huishia kusifu boksi na kutaja bei. Anayetaka kutoa pesa nyingi kwa kitu cha kuweka kabatini anastahili zaidi ya hapo. Anataka kujua inafanana kiasi gani na modeli iliyopigwa picha studioni kwa ajili ya kipindi, na bahati nzuri modeli hiyo bado ipo. Aliibuni Matt Jefferies, ina urefu wa takriban mita 3.4, na tangu 1974 iko mikononi mwa makumbusho ya anga ya Smithsonian, Marekani. Hicho ndicho kipimo chako, kwa hiyo kusanya kwanza picha zake zilizopigwa baada ya ukarabati uliokamilika 2016.

Hatua ya 1: Tambua ni Enterprise ipi

Modeli ya studio ilibadilishwa mara kadhaa. Katika sehemu ya majaribio ya Star Trek iliyopigwa mwishoni mwa 1964, vichwa vya ile mitungi miwili ya injini havikuwa na taa, vilikuwa na miiba iliyochomoza mbele, na dishi la mbele lilikuwa kubwa zaidi. Kipindi kilipoanza rasmi, miiba iliondoka, taa zikawekwa ndani ya vichwa, dishi likapunguzwa, na nyuma ya mitungi zikawekwa tufe. Boksi likiandika "toleo la majaribio" halafu ukakuta tufe nyuma, mtengenezaji amechanganya matoleo mawili. Liandike hilo mapema kabisa.

Hatua ya 2: Pima

Kwa hadithi yenyewe, chombo kina urefu wa takriban mita 289. Gawa kwa skeli iliyoandikwa: 1/1000 ikupe karibu sentimeta 29, 1/350 karibu sentimeta 82 na nusu. Pima kwa rula kutoka ukingo wa sahani, yaani ile sehemu ya mbele ya mviringo, hadi mwisho wa mitungi. Pima uzito pia kwa mizani ya jikoni. Usitumie sumaku kupima kama ni metali au plastiki, kwa sababu modeli nyingi za metali ya kumimina ni za aloi ya zinki, na zinki haivutwi na sumaku.

Hatua ya 3: Angalia unyoofu

Hapa ndipo Enterprise inapowashinda watengenezaji wengi, na ndipo nakusihi utumie muda wako mwingi. Mitungi yote miwili imebebwa na mihimili miembamba inayopanda kwa mshazari kutoka mwili wa chini. Ikiwa mitungi ni ya metali, uzito wake huivuta mihimili. Ikiwa ni ya plastiki laini, joto hufanya kazi hiyohiyo.

Weka modeli kwenye stendi yake juu ya meza iliyo sawa. Simama na simu nyuma yake, kamera ikiwa kwenye kimo cha mitungi, upige picha. Kisha chora mstari juu ya picha kuunganisha vilele vya mitungi, na mwingine kufuata ukingo wa sahani. Mistari hiyo ikienda sambamba, sawa. Ukiona mmoja unainama, hata kidogo, mtungi mmoja umelala. Iache hapohapo wiki nzima, kisha rudia picha. Ulegevu unaoongezeka ni kasoro kubwa kuliko mkwaruzo wowote wa rangi.

Hatua ya 4: Rangi na maandishi

Iangalie kwenye mwanga wa mchana, usitegemee taa ya chumbani. Wengi hudhani Enterprise ni nyeupe. Ile ya studio ni ya kijivu chenye ukijani kwa mbali, na juu ya sahani yake bado kuna rangi ya miaka ya 1960. Huko juu pia kuna mistari myembamba ya penseli. Mtengenezaji aliyeichimba kama mifereji amezidisha.

Pitisha tochi ya simu kwa pembeni juu ya NCC-1701, namba ya usajili ya chombo. Stika iliyobandikwa vibaya huonyesha ung'avu wa hewa chini yake.

Upande wa kushoto, usikimbilie kukosoa. Kwenye modeli ya studio nyaya za umeme ziliingilia upande huo, kwa hiyo haukumaliziwa madirisha wala maandishi. Mtengenezaji akiukamilisha amekisia kwa kufuata upande wa kulia, na ni uamuzi halali. Mwambie tu msomaji.

Hatua ya 5: Taa

Zima taa za chumba. Tafuta mwanga unaovuja kwenye maungio, sikiliza mota inayozungusha taa za vichwa vya injini kama ipo, na ukimaliza toa betri zisije zikavuja ndani.

Hatua ya 6: Umaalumu wake uko wapi?

Linganisha na toleo la kawaida, sehemu kwa sehemu. Mara nyingi umbo ni lilelile, kilichobadilika ni rangi, stendi na cheti. Namba ya cheti ilingane na ya stendi. Taja pia vipimo vya boksi, maana wasafirishaji wengi hutoza kwa ukubwa, na msomaji wa Mombasa au Mwanza atalipa nauli na ushuru juu ya bei ya dukani. Mpe bei za matoleo yote mawili, kisha mwambie waziwazi kama wewe ungelipa hiyo tofauti.