Kabla hujatoka mwambani Paje

Kabla ya kwenda kuteleza mawimbi kwa ubao kwenye mwamba wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, mimi naanza na mwezi, utabiri wa kwenye simu baadaye. Mwezi mwandamo au mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa kama saa kumi, hukauka saa nne, na yakikimbia mlangoni, kwenye pengo la mwamba, hakuna mkono wa kuyashinda. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Hesabu wiki moja ufike maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana. Hapo saa moja asubuhi yanapanda taratibu na mwamba umefunikwa.

Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti huleta mawimbi makubwa, lakini mchana upepo huyavuruga yote. Toka mapema.

Ukifika, tuliza ngalawa, tazama mlango. Povu likiuziba wote, rudi. Mwaka juzi nilikaidi: ubao vipande viwili, kucha mbili zikabaki mwambani.