Jinsi ya kuomba kusoma nyaraka za zamani za Kigoma

Kabla hujaandika barua yoyote, jua miaka unayoitafuta, kwa kuwa miaka ndiyo inayoamua ubishe hodi wapi. Habari za Ujiji za kabla ya 1916 zimo katika majalada ya Wajerumani, na humo wameandika "Udjidji". Kati ya 1916 na 1921 Kigoma na Ujiji zilishikwa na Wabelgiji, kwa hiyo karatasi za wakati huo zitafutwe Ubelgiji pia. Baadaye, wakati wa Waingereza, Kigoma na Kasulu ziliwekwa chini ya Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Wengi wetu hupotelea hapa. Usiishie kwenye majalada yenye jina la Kigoma. DC (mkuu wa wilaya) aliandika kwa PC (mkuu wa jimbo) wa Tabora, basi fungua na ya jimbo.

Sasa barua. Omba chuoni barua ya utambulisho, kisha andika yako kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyoko Upanga, Dar es Salaam. Kichwa kiwe mahususi: "YAH: OMBI LA KUSOMA MAJALADA YA KODI, WILAYA YA KIGOMA, 1925–1940". Ukiandika tu "utafiti wa historia", mtunza nyaraka hana pa kuanzia kukusaidia. Mtafiti asiye Mtanzania aanzie COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kuomba kibali. Kwa majalada yaliyobaki masijala ya mkoa, barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa.

Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 imeweka miaka 30 kabla ya majalada ya serikali kufunguliwa kwa wasomaji. Panga mada yako ukilijua hilo, usije ukasafiri na treni kutoka Kigoma hadi Dar kufuata jalada ambalo bado limefungwa.

Katika chumba cha kusomea tumia penseli, maana tone moja la wino haliondoki kwenye karatasi ya miaka 90. Jalada huletwa mezani kwa fomu, rafuni huingii. Uliza kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa na kwa ada gani. Na kila unachonukuu, andika papo hapo namba ya jalada na ya ukurasa. Mimi niliwahi kurudi nyumbani na kurasa tatu nzuri zisizo na namba, na sikuweza kuzitumia.

Kisha soma kwa kuuliza: nani kaandika, kwa nani, akitaka nini? DC akisema kijiji kimekimbia kodi, usimwamini upesi. Miaka ya 1930 watu wa Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, walihamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na huenda kijiji hicho ni kimojawapo. Omba jalada la idara ya tiba la miaka ileile, linganisha tarehe, halafu nenda kwa wazee wa kijiji chenyewe ukawaulize walihamia wapi, na nani aliyewaambia wahame.