Ukiishiwa maneno katika sala, soma polepole
Maneno yakikuishia katika sala, fungua Marko 10:46-52, habari ya Bartimayo kipofu. Isome kwa sauti ya chini, kisha irudie. Usihangaike kumaliza sura. Mistari hiyo saba inatosha kabisa. Pengine litakalokunasa ni swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?" Simama hapo hapo. Mjibu kwa maneno yako, hata kama unaona haya kuyatamka (Bartimayo mwenyewe alipaza sauti mpaka watu wakamkemea). Ukishajibu, tulia mbele za Mungu bila kusema kitu. Mmonaki Guigo II alizieleza hatua hizi katika karne ya 12. Mawazo yakitangatanga, na yatatangatanga tu, lirudie lile swali taratibu.