Kuhamia Ujerumani na familia: jinsi ya kukadiria gharama za mwezi

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, wauguzi na mafundi wenye mkataba mkononi wanauliza swali lile lile: euro 3,300 kwa mwezi zitatosha watu wanne? Ukizigeuza kuwa shilingi utaona pesa nyingi, na hapo ndipo hesabu inapoharibika, kwa sababu mkate na pango utalipia kwa euro. Kila kitu hapa chini kiko kwa euro, kwa viwango vya 2026. Mfano wetu ni muuguzi mmoja anayefanya kazi, mwenzi wake ambaye bado hajapata kazi, mtoto wa miaka 8 na mdogo wake wa miaka 4.

Hatua ya 1: Tafuta mshahara unaoingia mkononi

Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni Brutto, yaani kabla ya makato. Unachotaka ni Netto. Tafuta mtandaoni "Brutto-Netto-Rechner", jaza mshahara, jimbo, idadi ya watoto na daraja la kodi (Steuerklasse). Bima za lazima (afya, uzee, ukosefu wa kazi na matunzo) hukata takribani asilimia 21. Kodi ya mapato inategemea daraja.

Daraja ndilo linalowaponza wengi. Mwenzi akiwa bado Nairobi au Arusha, wewe unahesabiwa daraja la I, na kwa euro 3,300 utabaki na kama 2,230. Akishafika na kusajiliwa, mfumo huwaweka nyote wawili daraja la IV, ambalo makato yake ni sawa na la I. Hakuna atakayekuambia kwamba mnaweza kuomba III (wewe) na V (mwenzi). Fomu inapelekwa ofisi ya kodi (Finanzamt), na mwenye daraja la III kwa mshahara huo huo hubaki na kama 2,500. Usipoomba, tofauti hiyo ya 270 hivi kwa mwezi utakuja kurudishiwa mwaka unaofuata baada ya kujaza ritani, lakini mwenye nyumba hasubiri ritani.

Mambo mengine mawili yanayopunguza mshahara. Kwanza, namba ya kodi (Steuer-ID) huja kwa posta baada ya kusajili makazi. Ukichelewa kumpa mwajiri anaweza kukukata kwa daraja la VI, ambalo ni kali kuliko yote. Pili, kwenye fomu ya kusajili makazi kuna sehemu ya dini. Ukiandika katholisch au evangelisch, unakatwa kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, au 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Andika ukweli, ila ujue unachoandika kina bei.

Hatua ya 2: Ongeza posho ya watoto

Kindergeld ni euro 259 kwa kila mtoto kwa mwezi. Mwenye kibali cha kuishi kwa ajili ya ajira ya kitaaluma kwa kawaida anastahili. Kwa watoto wawili ni 518. Haiji yenyewe: inaombwa Familienkasse (ofisi ya posho za familia), na malimbikizo hulipwa ya miezi sita tu kurudi nyuma kutoka siku ya maombi. Miezi ya kwanza ihesabu kama sifuri.

Kipato cha mfano wetu sasa ni 2,500 + 518 = 3,018.

Hatua ya 3: Pata dari ya pango kabla ya kuangalia nyumba

Wengi huanza na nyumba kisha wakabana chakula. Geuza. Serikali ya Ujerumani ina kiwango cha chini cha mahitaji kiitwacho Regelbedarf, kisichohusisha pango wala joto: euro 506 kwa kila mmoja wa wanandoa, 390 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 13, na 357 kwa aliye chini ya miaka 6. Kwa familia yetu: 506 + 506 + 390 + 357 = 1,759.

Toa kwenye kipato: 3,018 − 1,759 = 1,259. Hiyo ndiyo dari ya pango pamoja na joto. Ofisi ya wageni nayo huanzia kwenye viwango hivi inapopima kama unaweza kulisha familia, kwa hiyo hesabu hii itakufaa hata kwenye maombi ya viza ya familia. Usisogelee dari, lakini. Lenga 900 hadi 1,000.

Hatua ya 4: Soma tangazo la nyumba kwa makini

Bei kubwa juu ya tangazo mara nyingi ni Kaltmiete, pango "baridi": kuta tupu. Warmmiete huongeza takataka, maji, usafi wa ngazi, bima ya jengo na kupasha joto. Mfano: mita za mraba 72 kwa euro 9 ni 648. Kwa gharama za ziada kadiria euro 3 hadi 4 kwa kila mita, kwa 3.50 ni 252. Jumla 900.

Chunguza mambo matatu kwenye tangazo. Kama gharama za ziada zimeandikwa ndogo ajabu, tuseme euro 100 kwa nyumba ya ukubwa huo, joto halimo, au mwenye nyumba ameshusha malipo ya awali ili tangazo livutie. Deni utalikuta kwenye hesabu ya mwaka. Kama hakuna herufi EBK (jiko lililofungwa tayari), tegemea kutokuta jiko, sinki wala kabati. Jikoni ni mabomba yanayotoka ukutani. Na kama maji ya moto hutengenezwa na Durchlauferhitzer, kijisanduku cha umeme bafuni, basi bili ya maji ya moto iko kwenye umeme wako, si kwenye pango.

Hatua ya 5: Umeme, intaneti, ada ya redio

Umeme haununuliwi kwa tokeni. Unalipa kiasi kilichokadiriwa kila mwezi (Abschlag), kisha mwisho wa mwaka mita inasomwa na unadaiwa au kurudishiwa. Watu wanne hutumia kama kWh 3,000 kwa mwaka. Kwa senti 35 ni 1,050, sawa na 88 kwa mwezi. Penye Durchlauferhitzer chukua kWh 4,000 na zaidi. Usiposaini mkataba na kampuni yoyote unaangukia Grundversorgung (umeme wa kampuni ya msingi ya eneo lako), ambayo kwa kawaida ni ghali. Kujitoa ni notisi ya wiki mbili.

Intaneti 40, simu mbili 20. Ada ya redio na televisheni (Rundfunkbeitrag) ni 18.36 kwa nyumba nzima, hata kama hamna televisheni, na mara nyingi bili huja ya miezi mitatu pamoja: 55.08. Ukiipuuza, hugeuka deni lenye faini.

Hatua ya 6: Chakula

Usitumie wastani wa tovuti za kulinganisha miji. Andika mnachokula kwa wiki moja sasa hivi, kwa kilo na lita, kisha tafuta bei kwenye tovuti ya duka kubwa kama REWE. Zidisha kwa 4.3, si 4, maana mwaka una wiki 52. Kwa chakula cha 140 kwa wiki tofauti ni 42 kwa mwezi.

Vyakula vya nyumbani Afrika viweke mstari wake. Unga mweupe wa mahindi, ndizi za kupika, dagaa na sukuma hupatikana kwenye maduka ya Kiafrika kwa bei ya kuumiza. Familia inayopika ugali kila jioni itatumia zaidi ya inayobadilishana na viazi na wali. Kwa wanne, 600 ni makadirio ya mtu anayenunua Aldi au Lidl. Toa senti 25 za dhamana ya kila chupa ya plastiki isiyojazwa tena na kopo kwenye hesabu: utazipata ukirudisha.

Hatua ya 7: Watoto na usafiri

Shule ya serikali haina karo, ila chakula cha mchana kwa kawaida kina bei: kama euro 4 kwa siku, 80 kwa mwezi. Chekechea (Kita) hutofautiana sana kwa mji. Berlin haina ada, unalipia chakula. Hamburg saa tano kwa siku ni bure. Kwingine mzazi hulipa kulingana na kipato. Tafuta jina la mji na neno "Elternbeitrag". Hapa tunaweka 150.

Deutschlandticket, tiketi ya mwezi, ni 63 kwa mtu mzima, hutumika kwenye mabasi, metro na treni za mikoa nchi nzima. Muulize mwajiri kuhusu Jobticket: akichangia angalau robo, bei hushuka zaidi. Walio chini ya miaka 6 hupanda bure. Kwetu: 126 na 30 za mwanafunzi.

Hatua ya 8: Jumlisha, kisha ipime

Pango 900, umeme 88, mawasiliano 60, redio 18, usafiri 156, Kita 150, chakula cha shule 80, chakula 600, sabuni na dawa 60, bima ya kuharibu mali ya watu (Haftpflicht) 7, nguo 100, akiba ya bili za mwaka 120, pesa za kutuma nyumbani 200. Jumla 2,539. Salio 479.

Usilifurahie bado. Ondoa pango na pesa za nyumbani: imebaki 1,439, pungufu kwa 320 ya kile kiwango cha 1,759. Maana yake umesahau vitu: kinyozi, samani, zawadi za siku ya kuzaliwa darasani, safari ya shule, viatu vya theluji vinavyobana kila Novemba. Ongeza 320 hizo. Salio halisi ni karibu 160.

Hatua ya 9: Pesa za mara moja, karatasi tofauti

Dhamana ya nyumba (Kaution) haizidi miezi mitatu ya pango baridi: 1,944. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu ya mwezi, la kwanza mwanzoni mwa upangaji. Pango la kwanza 900. Jiko la mtumba pamoja na fundi 1,000 hadi 2,000. Vitanda, taa (nyingi za nyumba zina nyaya tu zinazoning'inia darini), pazia na majaketi ya baridi: 1,500. Usiite familia kabla hujashika angalau 5,500.

Hatua ya 10: Subiri hesabu ya mwaka

Mwenye nyumba ana miezi 12 baada ya kipindi cha hesabu kuisha kukuletea Nebenkostenabrechnung (hesabu ya gharama za ziada). Akichelewa, kwa kawaida hawezi tena kudai nyongeza. Ikija, linganisha tarehe na siku uliyohamia, na mita za mraba na mkataba. Una haki ya kuona risiti, na miezi 12 ya kupinga. Gawanya deni lake kwa 12, ongeza kwenye mstari wa pango, na upige hesabu ya hatua ya 8 upya.